Sekunde Arobaini na Moja

Nyumba yenye baraza refu ilikodishwa kwa siku sita tu, na kwa sababu hiyo mwisho ulipigwa picha mwanzo. Ndivyo filamu zinavyotengenezwa: wapenzi huachana Jumatatu, hukutana kwa mara ya kwanza Alhamisi ya wiki ya tatu, na katikati hapo hugombana kwa kutegemea siku ambayo gari litapatikana. Ili mtazamaji asiuone wazimu huo, huajiriwa mtu mmoja ambaye kazi yake ni kukumbuka: kifungo cha pili kilikuwa wazi au kimefungwa, chai ilikuwa nusu kikombe au imebaki funda moja, nywele zilikuwa nyuma ya sikio lipi. Mtu huyo huitwa mtunza mwendelezo. Katika filamu hii alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, mwembamba, mwenye saa ya kupimia sekunde shingoni na daftari gumu kwapani. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila daftari hilo, watu wote walimwita Daftari.

"Daftari, hebu niambie, jana mchana nilikula nini?" mbeba taa mmoja alimtania.

"Ulichokula sikijui, kaka, lakini ulikula kwa mkono wa kushoto, ukajifutia kwenye pazia la watu."

Wakacheka wote, na mwenye mkono akaenda kulitazama pazia.

Alikuwa na kanuni moja tu, naye aliishika kama wengine wanavyoishika dini: aliandika kilichotokea, si kilichotakiwa kitokee. Katika filamu iliyotangulia, mwongozaji alimwomba aandike kwamba tukio fulani bovu lilikuwa zuri, ili mwigizaji mkubwa asiudhike. Alimjibu, mbele za watu, kwamba hakuzaliwa ili aandike uongo. Maneno hayo yalimtangulia kila alikokwenda. Wengine waliyasema kwa kumsifu, wengine kwa kumkebehi.

Riwaya waliyokuwa wakiigeuza filamu ilikuwa ile ambayo karibu kila aliyepita shule aliisoma, na wengi waliisoma kwa ajili ya mapenzi kuliko mtihani. Mkunga kijana anampenda karani wa posta, mwanamume mwenye maneno matamu kama asali na mkono mwepesi wa kuondoa vitu. Anamwondolea mkunga kazi yake, kisha ndugu zake, kisha hata jina la utani alilopewa na mama yake utotoni. Kwa kurasa mia tatu, mwanamke anampenda. Katika ukurasa wa mwisho anachukua kikapu chake na kutoka. *Akalifunga lango kwa nje, akaenda zake, wala hakugeuka.* Hapo ndipo kitabu kinapokoma.

Daftari aliisoma sentensi hiyo akiwa na miaka kumi na mitano, kando ya kitanda cha mama yake. Mama yake alikuwa ametoka nyumbani kwa mumewe mara tatu, na mara zote tatu aligeuka. Usiku ule binti alimsomea kwa sauti. Mama alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kumbe inawezekana," kisha akalala. Baada ya hapo Daftari hakuhitaji mwalimu yeyote amweleze kazi ya fasihi.

Mwandishi wa kitabu alikuwa amekwisha kufariki. Haki zake zilirithiwa na mdogo wake wa kike, mshonaji mstaafu aliyeishi katika vyumba viwili pamoja na cherehani yake. Mtayarishaji wa filamu, ambaye kila mtu alimwita Mama Bosi, alipokwenda kuomba ruhusa, alimchukua Daftari makusudi.

"Wewe unakijua kitabu kwa moyo," alimwambia garini. "Ongea naye. Mlainishe. Mimi wazee hawanipendi."

Ilikuwa kweli. Bibi aliwakaribisha, akawapa viti, akasikiliza mipango yote bila kumtazama Mama Bosi usoni hata mara moja.

"Dada yangu aliambiwa na wachapishaji watatu," alisema hatimaye. "Mrudishe huyu mwanamke kwa bwana wake, tutakichapa kesho. Akakaa na mswada chini ya kitanda miaka tisa. Miaka tisa, mwanangu! Mtoto anazaliwa, anatembea, anafika darasa la tatu. Hakumrudisha."

"Na sisi hatutamrudisha, mama," Mama Bosi aliahidi.

"Sijaongea na wewe." Bibi alimgeukia Daftari. "Wakipiga hizo picha, wewe utakuwepo?"

"Nitakuwepo kila siku, bibi."

"Na kila kitu unakiandika humo?"

"Kila kitu."

"Basi wewe ndiwe macho yangu."

Barua ya ruhusa iliandikwa palepale, na sharti lake Bibi alilitamka mwenyewe, neno kwa neno, huku wakili wa kampuni, aliyekuja nao, akiandika. Filamu isingeonyeshwa kwa watu mpaka yule msichana wa daftari atie saini, kama shahidi, kwamba hakuna mwisho mwingine wowote uliopigwa picha. Bibi aliliona sharti hilo kuwa ngome. Maisha yake yote alikuwa mshonaji, na mshonaji anajua kwamba kitambaa ambacho hakikukatwa hakiwezi kuwa gauni. "Wasipopiga, watakuwa na nini cha kuonyesha?" alisema, akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Daftari naye alicheka. Alikuwa amefanya kazi katika filamu nne, naye alipaswa kujua zaidi.

Siku ya kupiga mwisho, kamera iliwekwa ndani ya baraza, nyuma ya bega la mwigizaji wa kiume aliyeketi kitini. Mwigizaji wa kike alitakiwa kupita mbele yake akiwa na kikapu, ashuke ngazi, avuke ua, atoke, alifunge lango na kutoweka. Kila mara tukio linaporudiwa huitwa mkupuo. Mkupuo wa kwanza uliharibiwa na pikipiki. Wa pili lango lilikwama, na mwanamke aliyekuwa akiikimbilia heshima yake akabaki analisukuma kwa goti. Wa tatu ulikwenda vizuri kiasi kwamba wabeba taa walisahau kupumua.

"Kata!" mwongozaji alisema.

Wakati huohuo Daftari aliona kosa. Katika mswada wa filamu, mkunga alitoka chumbani na kikapu mkono wa kushoto. Hapa alikuwa amekibeba mkono wa kulia. Hakungoja. Alisimama mlangoni, akapaza sauti:

"Dada! Dada, rudi! Kikapu kiko mkono siyo!"

Mwigizaji, aliyekuwa amekwisha kuipita kona ya ukuta, aligeuka. Akautazama mkono wake, akaangua kicheko, akalisukuma lango na kurudi mbio akivuka ua, mikono imetanuka kwa namna ya mtu anayesema nimeshindwa, kikapu kikining'inia. Barazani mwigizaji wa kiume akainuka taratibu kujinyoosha mgongo, uliokuwa ukimsumbua tangu asubuhi, naye akaitanua mikono. Kamera ilikuwa bado inafanya kazi. Mpiga kamera alikuwa ameinama, anapambana na siafu aliyemwingia ndani ya suruali.

Kikafuata kicheko kingine, safari hii cha siafu, kisha mkupuo wa nne, ambao haukuwa na dosari. Daftari aliketi juu ya kasha la nyaya, akaandika kwa herufi zake zilizosimama wima:

*Mkupuo wa tatu. Mzuri hadi langoni. Kikapu mkono wa kulia: kosa. Kamera haikuzimwa. Sekunde arobaini na moja za ziada. Mwigizaji anarudi, anacheka.*

Akatia saini yake chini, kama alivyofanya kila ukurasa.

Miezi mitano baadaye filamu ilikuwa imeungwa, na wenye kumbi za sinema walialikwa kuitazama. Walitoka kimya. Mmoja wao alimshika Mama Bosi bega kama mtu anayempa mwenzake pole, akamuuliza kama kweli anataka watu watoke ukumbini kama wanaotoka makaburini. Mrudishe yule dada, walisema, tutaifungulia kumbi zote. Ilikuwa kana kwamba wale wachapishaji watatu walikuwa wamefufuka na kuvaa suti mpya.

Mama Bosi alimpigia simu mwigizaji wa kike. Mwigizaji alijibu kwamba alikubali kazi ile kwa ajili ya lango lile tu, na kwamba harudi ng'o. Wakili naye alikumbusha sharti la Bibi. Kwa siku tatu ofisi ilinuna. Daftari, aliyekuwa akija kila asubuhi kupanga kurasa zake, alikaa na furaha iliyofichwa, ya mtu aliyejenga ukuta na sasa anasikia upepo ukiugonga na kushindwa.

Siku ya nne mhariri alimwita. Watu walimwita Mkasi, ingawa siku hizi hakuna anayekata filamu kwa mkasi. Alikuwa mtu wa utani, mnene, ambaye hakuinuka kitini ila kwa dharura.

"Njoo, njoo, mpenzi wa Mungu," alimwambia. "Wewe ni hazina. Waongozaji wote wangekuwa na mtu kama wewe, mimi ningekuwa nalala saa mbili."

"Nimefanya nini?"

"Umeandika." Akagonga ukurasa uliokuwa mezani. "Mikupuo mia sita, nani angekumbuka? Nimesoma tu humu. Sekunde arobaini na moja. Kaa."

Kwenye skrini mkunga alitoka, akavuka ua, akalifunga lango. Mandhari ikabaki tupu kwa muda, mrefu wa kutosha mtu kupoteza tumaini. Kisha muziki ukaingia. Mkunga akatokea langoni, uso wake umejaa kicheko, akavuka ua mbio na mikono imetanuka, na barazani, polepole, kama mtu asiyeamini bahati yake, karani akainuka kumpokea. Picha ikafifia kabla hawajagusana.

Sauti ya Daftari ya kumwita haikusikika. Muziki ulikuwa umekaa juu yake.

"Unaona anavyoinuka?" Mkasi alisema. "Mgongo ule! Angeigiza asingepata."

Daftari alitafuta la kusema, na lililokuja ni lile la kazi yake. "Kikapu kinatoka mkono wa kushoto, kinarudi mkono wa kulia."

"Dada yangu, watu watakuwa wanalia. Nani atatazama kikapu?"

"Mimi nilimwita. Anakimbia kwa sababu mimi nilimwita."

"Basi tukushukuru mara mbili," Mkasi alisema, bila ubaya wowote.

Mama Bosi aliingia muda huohuo. Alikuwa na karatasi moja na wakili mmoja, na alionekana amelala vizuri.

"Nataka saini yako, mwanangu, watu waende zao."

"Mama, Bibi alisema asirudishwe."

"Alisema, ndiyo. Lakini barua inasemaje? Isome wewe mwenyewe, wewe si ndiye mwenye kusoma?"

Daftari aliisoma. *Hakuna mwisho mwingine wowote uliopigwa picha.*

"Haya. Nani kapiga mwisho mwingine? Siku gani? Nionyeshe katika daftari lako ukurasa uliosema leo tumepiga mwisho mwingine."

"Haupo."

"Haupo kwa sababu hatukupiga. Tulipiga ule wa kitabuni, mikupuo minne, na kamera ikasahauliwa. Uliandika hivyo, au sivyo?"

"Niliandika hivyo."

"Naomba basi niongeze maelezo chini," Daftari alisema.

"Fomu haina nafasi ya maelezo," wakili alijibu kwa upole.

Mama Bosi alivuta kiti, akaketi karibu naye kama shangazi anayetaka kumwonya mtoto wa kaka yake. "Sikiliza. Mwongozaji mzima alikuomba uandike uongo, ukamkatalia mbele za watu. Nilipolisikia hilo nikasema, huyu ndiye ninayemtaka. Leo nakuletea ukweli mtupu, unaukimbia? Ukitia saini, unasema kweli. Ukikataa, unamwambia kila mtu kwamba tulipiga kitu ambacho hatukupiga. Ni nani hapo mwongo?"

Daftari aliipitia sentensi neno kwa neno, kama mtu anayechambua mchele, akitafuta humo jiwe la uongo. Hakuliona. Alijua kwamba bila saini ile filamu ingebaki kabatini, au wangelazimika kuirudishia mwisho wake. Alijua pia kwamba mwanamke mmoja mzee alikuwa amelala kwa amani miezi yote hiyo kwa sababu yake. Lakini wote watatu walikuwa wakimtazama, na tangu utotoni alikuwa amejifunza kuogopa dhambi moja tu, na dhambi hiyo haikuwemo katika karatasi ile. Alitia saini. Mara akaingiwa na aibu asiyoifahamu, aibu ya mtu aliyesema kweli.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa Bibi bila kutumwa na mtu. Alimkuta anapinda shuka kwa mkono. Hakuweza kueleza, kwa hiyo alimwonyesha mwisho ule kwenye simu. Bibi alivaa miwani, akatazama. Akaomba kutazama tena.

"Anacheka nini huyu?" aliuliza.

"Kosa lake, bibi. Alikuwa amebeba kikapu mkono siyo, nikamwita arekebishe. Kamera ilisahauliwa."

"Kwa hiyo huyu siye yule. Huyu ni msichana tu aliyekosea kikapu."

"Ndiyo."

"Na watu watajua?"

"Hawatajua, bibi."

Bibi alivua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya kanga yake. "Na ile karatasi yako ya ushahidi?"

"Nimetia saini."

"Lini?"

"Jana."

"Jana. Na leo ndiyo umekuja."

Daftari alianza kusema kwamba sentensi ilikuwa ya kweli, kwamba aliitafutia kosa na hakuliona, kwamba hawakumpa nafasi ya maelezo. Alisema mengi, na yote yalikuwa sahihi. Bibi alimwacha amalize.

"Mwanangu," alisema, "wasema kweli ni wengi. Hata yule mama mwenye kampuni, kwa unavyonieleza, hakusema uongo hata mmoja. Mimi sikukuomba useme kweli. Nilikuomba umlinde."

Hakupandisha sauti. Alilichukua shuka, akalitazama pindo alilokwisha kulishona, kisha akaanza kulifumua, mshono kwa mshono.

"Nenda kawaambie hivi. Filamu wakae nayo, saini mnayo. Lakini wafute jina la dada yangu. Wasiseme ni yeye aliyesimulia hivyo. Alikaa miaka tisa na mswada, atakaa na jina lake pia."

Daftari alibeba ujumbe huo kama mtu anayebeba yai. Mama Bosi alimsikiliza akiwa amesimama, funguo za gari mkononi, akacheka kicheko cha mtu aliyechoka zaidi ya kuwa mbaya.

"Nifute jina lake? Bila jina lake ni hadithi ya mkunga na karani, nani atatoka kwake kuja kutazama? Mabango yameshapigwa chapa, jina lake ndilo kubwa kuliko yote. Mwambie Bibi tunamheshimu sana. Atakaa kiti cha mbele."

"Hatakuja."

"Basi kiti kitabaki." Akaondoka.

Daftari alibaki ukumbini mwa ofisi, kati ya mashine ya kuchapia na ndoo ya maua ya plastiki, akajiuliza ni kitu gani humo ndani kilichokuwa chake kiasi kwamba angeweza kukiondoa. Kisha akaingia chumba cha Mkasi.

"Naomba ufute jina langu."

Mkasi aligeuza kiti. "Lako? Pale mwishoni, kwenye orodha?"

"Ndiyo."

"Mama Bosi kasema?"

"Nimesema mimi."

Mkasi aligeukia tena skrini. Kama alikuwa na utani wowote, aliumeza. "Hilo tu? Hata chai yangu haitapoa."

Akaifungua orodha ya majina, ile inayopanda skrini wakati watu wanatafuta viatu vyao na kuwaamsha watoto. Akaushusha mshale hadi penye mtunza mwendelezo, akabonyeza mara moja. Majina ya chini yakapanda hatua moja. Wabeba taa wakakaa pale alipokuwa yeye. Mkasi akaiendesha orodha tangu juu kuhakikisha, na jina la marehemu likapita kwanza, peke yake, herufi zake zimeijaza skrini yote.

"Safi," alisema orodha ilipokwisha. "Hata haionekani kwamba palikuwa na mtu."

Alikunywa chai yake, akameza, akawa ameshakumbuka jambo jingine. "Jumatatu tunaanza ile ya harusi. Nguo ishirini na mbili, hakuna anayejua nani alivaa nini. Utakuja?"

Daftari alilitazama daftari lake jipya, ambalo kampuni ilikuwa imekwisha kumpa, na ambalo lilikuwa bado halijafunguliwa.

"Nitakuja," alisema, kwa sababu ilikuwa kweli.